Ya Kale Yamepita, na Binti wa Ukerewe Je?

Bwana Yesu asifiwe, Mama. Shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, naishi Morogoro. Niliokoka mwaka 2021 na nikabatizwa mwaka huohuo. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelibeba muda mrefu na sasa limenifika shingoni.

Zamani tulikuwa tunaishi Mwanza, Igoma. Tulikuwa na kikoba cha akina mama 30 na mimi nilikuwa mweka hazina. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu kama kawaida ya vikoba, na funguo zilikaa kwa watu watatu tofauti. Lakini Mama, unajua tulivyo. Huyu kachelewa, yule kaenda msibani na ufunguo wake kwenye pochi, kikao kinakwama, watu wanatozana faini mpaka wanagombana. Mwisho wakaona tabu, wote wakaniachia funguo zao. Nikawa nalala na sanduku na funguo zote tatu.

Mwaka 2017, zikiwa zimebaki kama wiki sita tuvunje kikoba, nikachukua shilingi 2,300,000. Sikuwa na nia ya kuiba, Mungu ananiona. Nilitaka niizungushe kwenye dagaa halafu niirudishe kabla ya mgawo. Nikanunua magunia Mwaloni, Kirumba, nikayapakia kwenye lori la kwenda Dodoma. Turubai lilikuwa limechanika. Mvua ikanyesha karibu njia nzima, dagaa wakafika wamelowa, wananuka, wengine wameshaota ukungu. Mteja akawakataa. Hata wa kusaga chakula cha kuku hawakufaa.

Siku ya kikao ilipokaribia nikachanganyikiwa. Nikavunja kufuli mwenyewe usiku, asubuhi nikapiga yowe kwamba tumeibiwa. Akina mama walilia, na mimi nililia, na wala sikuigiza. Msichana wangu wa kazi alishukiwa, akarudishwa kwao Ukerewe. Mume wangu, kwa kuona aibu, aliuza pikipiki yake tukawalipa wanakikoba 900,000. Zilizobaki wakasema tumwachie Mungu. Kikoba kikafa. Mwaka uliofuata mume wangu akahamishwa kikazi, tukaja Morogoro.

Nilipookoka nilifundishwa kwamba mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya, ya kale yamepita. Niliamini na ninaamini. Lakini usiku nashtuka. Nilimwendea mchungaji, sikumweleza kwa undani, nilisema tu kuna mambo ya nyuma yananitesa. Akaniombea, akaniambia hiyo ni sauti ya mshtaki, niikemee kila inapokuja. Nimekemea, Mama. Nimefunga siku saba, mara mbili. Daftari la kikoba bado ninalo, liko chini kabisa kwenye sanduku la nguo. Nimeshawahi kulitoa nilichome, nikalirudisha.

Sasa mwezi uliopita idara ya wanawake kanisani imenichagua kuwa mweka hazina. Walipotaja jina langu wakapiga vigelegele, mimi mikono ikafa ganzi. Na kama vile haitoshi, kwenye mkutano wa injili nikakutana uso kwa uso na mama mmoja wa kikoba chetu cha Igoma, amekuja kwa binti yake aliyejifungua. Akanikumbatia, akaniambia, "Pole mdogo wangu, uliteseka sana kipindi kile."

Mume wangu hajui. Anaamini mpaka leo tuliibiwa. Mama, nikubali cheo au nikatae? Na hii hatia ni ya shetani au ya Mungu? Paulo anasema "nikiyasahau yaliyo nyuma." Nifanyeje na mimi nisahau, nisonge mbele?

Mwanao, Morogoro

* * *

Marahaba mwanangu, na Bwana asifiwe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma habari za pesa. Mara ya pili nikaanza kuhesabu mistari. Kufuli zimepata aya nzima. Dagaa nao wamepata yao, tena unawaeleza vizuri mpaka nimesikia harufu. Turubai lina sentensi yake. Binti aliyekuwa anakulelea watoto amepata sentensi moja, kisha ukarukia pikipiki. Jina lake hukulitaja.

"Alishukiwa, akarudishwa kwao." Kiswahili chetu kina huruma sana kwa wenye makosa. Kinatupa kitenzi ambacho jambo linatokea kama mvua, hakuna aliyelifanya. Alishukiwa na nani? Nani alimtaja kwanza, wewe au jirani? Na aliponyoshewa kidole, wewe ulikuwa umesimama wapi? Alipigwa? Alilala polisi? Nauli ya meli alipewa na nani, na mshahara wa mwezi ule ulimpa? Hukuniandikia, nami sijui, lakini wewe unajua. Nadhani huo usiku unaoshtuka, humwoti mnunuzi wa Dodoma.

Sikuandiki hivi ili nikuumize. Umeniuliza hatia yako inatoka kwa nani, na jibu liko hapo.

Mchungaji wako simlaumu. Ulimpa nusu ya ugonjwa, akakupa nusu ya dawa. Mshtaki yupo, na sauti yake tunaijua wengi: wewe ni mbaya, umekuwa mbaya siku zote, hata wokovu wako ni wa kuigiza. Anasema kwa jumla, hataji kitu unachoweza kukirekebisha. Lakini kinachokuamsha wewe kina kiasi, kina mahali, kina daftari chini ya nguo. Kina mtu ambaye leo atakuwa na miaka ishirini na kitu na huenda kijijini kwao bado anaitwa mwizi. Sauti inayokuonyesha mlango wa kwenda kubisha, usiikemee mwanangu. Mifungo hiyo miwili ya siku saba nadhani umeitumia kumfukuza Roho Mtakatifu.

Sasa twende kwa Paulo, maana huo mstari umetumiwa sana kufunika mambo. Fungua Wafilipi 3 na usianzie mstari wa 13, anzia wa 5. Anaorodhesha yaliyo nyuma yake: alitahiriwa siku ya nane, wa kabila ya Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, Farisayo. Ni sifa hizo! Ni vyeti vya ukutani. Hivyo ndivyo alivyovihesabu kuwa kama mavi ili ampate Kristo, na ndivyo anavyovipa kisogo. Madhambi yake hakuwahi kuyasahau. Anamwandikia Timotheo kwamba alikuwa mtukanaji na mwenye kuwaudhi watu. Na katika Matendo 22, amesimama Yerusalemu mbele ya umati uliotaka kumuua, anasimulia jinsi alivyomwambia Bwana kwamba damu ya Stefano ilipomwagwa alikuwa amesimama karibu, anakubali, anatunza nguo za wauaji. Anamtaja Stefano kwa jina, miaka mingi baada ya kuwa kiumbe kipya.

Neno linalofuata katika mstari huo nalipenda sana, na nasikitika siku hizi vijana hawalijui: "nikiyachuchumilia yaliyo mbele." Kuchuchumia ni kule kusimama kwa ncha za vidole ili ufikie kitu kilicho juu, kama mtoto anayetaka sukari kabatini. Jaribu kuchuchumia huku umeficha kitu chini ya unyayo. Utaanguka.

Na "ya kale yamepita" je? Yamepita, kabisa. Mbele za Mungu hiyo hesabu imefungwa msalabani, sitaki uondoke hapa ukidhani unakwenda kununua msamaha kwa 1,400,000. Hukumu uliyostahili ameibeba mwingine. Lakini yamepita kwako. Kwa yule binti hayajapita, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba si yeye. Yawezekana hata yeye ameokoka, na anafunga siku saba aweze kukusamehe.

Angalia Bwana alivyomrudisha Petro. Yohana anatuambia usiku ule wa kukana, Petro alikuwa anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Sura ya 21, baada ya kufufuka, wanafunzi wanatoka ziwani na wanakuta ufukweni moto wa makaa, juu yake samaki. Maneno ni yaleyale, moto wa makaa. Wewe uliyeishi Mwanza unajua harufu ya makaa inavyoshika nguo. Petro hakuhitaji kukumbushwa kwa maneno. Kisha akaulizwa mara tatu, kama alivyokana mara tatu. Angeweza kuambiwa "Petro, yale tuyaache." Hakuambiwa. Alipelekwa kwenye moto uleule, akalishwa, akaulizwa, akahuzunika, na hapohapo akapewa kondoo.

Bibi yangu alikuwa mtu wa Bukoba, mlokole wa ule uamsho uliotoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda mpaka kwetu. Hata neno mlokole limetoka kwa Waganda. Siku hizi tunalitumia kumtania mtu asiyekunywa bia, lakini kwa wazee wale mlokole alijulikana kwa kurudisha. Walirudisha majembe, mbuzi, pesa za mwajiri. Bibi alikuwa ameiba buni kwenye mkeka wa jirani, debe moja, kabla hajaokoka. Alipookoka alipima debe la kahawa yake mwenyewe, akajitwika, akatembea nalo saa sita mchana. Mama yangu alimuuliza kwa nini hakungoja giza. Akajibu kwamba kuiba aliiba gizani. Jirani alipokea kahawa, akafunga mlango, na hawakusalimiana miaka miwili. Bibi alikuwa akilisimulia hilo bila uchungu wowote. Alisema kahawa ilikuwa ya jirani, na kununa kulikuwa kwake pia.

Basi twende kazini.

Cheo kikatae, na usingoje kuapishwa. Si kwa sababu hufai milele. Mtu mwenye hesabu ya zamani ambayo hajaifunga hapewi sanduku jipya, hata yeye mwenyewe hatakuwa na raha nalo. Huna haja ya kumsimulia mwenyekiti wa idara kila kitu leo. Mwambie, "Kuna hesabu ya watu niliiharibu huko nyuma, nakwenda kuilipa kwanza." Akishangaa, ashangae.

Mumeo ndiye wa kwanza kuambiwa, kabla ya mchungaji, kabla ya kikoba. Yule mwanamume aliuza pikipiki kwa wizi ambao haukuwepo. Usimwambie usiku kitandani wala watoto wakiwa sebuleni. Tafuta siku amepumzika, mwende mahali mnapoweza kukaa saa mbili bila mtu. Sema kwa kitenzi chenye mtendaji: nilichukua, nilivunja kufuli, nilikudanganya. Ukishaanza na dagaa na mvua atakuhurumia kabla hajajua anachohurumia, na baadaye atajiona amedanganywa mara ya pili. Anaweza kukasirika sana. Anaweza kunyamaza wiki. Kama kwenu hasira huwa inageuka kipigo, basi hapo sikushauri muwe peke yenu wawili. Nenda na mzee wa kanisa anayemheshimu. Hilo wewe ndiye unayelijua.

Daftari usilichome. Nimefurahi kwamba mkono wako ulikataa. Hilo ndilo litakaloonyesha nani alikuwa na hisa ngapi, maana kugawa sawasawa kwa vichwa kutamdhulumu aliyekuwa ananunua hisa tano kila wiki. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5, Mungu aliagiza mtu aungame dhambi aliyoifanya, arudishe kitu kamili, na aongeze sehemu ya tano. Zakayo alijipangia mwenyewe mara nne. Sikurudishi chini ya torati, ila kipimo cha sehemu ya tano nakiona cha haki, hasa ukifikiri shilingi ya 2017 ilinunua nini. Deni lililobaki ni 1,400,000, ongeza 280,000, inakuwa 1,680,000. Huna? Lipa kidogo kidogo, kwa tarehe mliyokubaliana na kwa maandishi. Wapo watakaokuwa wamefariki. Torati hiyohiyo ililifikiria, fedha inakwenda kwa jamaa wa karibu. Anza na yule mama aliyekukumbatia. Yuko Morogoro, anajua wengine wako wapi, na kumwachia ile pole yake bila ukweli ni kumwibia tena.

Na sitakuficha: mmoja wao anaweza kusema twende polisi. Ana haki hiyo. Ndiyo maana usiende peke yako. Mweleze mchungaji barua yote, safari hii na nusu iliyobaki, na ukiweza zungumza na mwanasheria kabla hujakutana na kikoba. Kutubu hakumfungi mtu mwingine mikono.

Jambo moja nakusihi. Usipande madhabahuni kutoa ushuhuda wa haya Jumapili ijayo. Najua utashawishika. Watu watalia, watakushangilia, utajisikia mwepesi, na hakuna hata mmoja kati ya wanaopiga makofi aliyewahi kupoteza kitu kwako. Ushuhuda ungoje. Waliodhulumiwa wasikie kwanza, tena kwako, wasije wakausikia kwa majirani.

Sasa binti.

Kwanza andika jina lake. Lichukue daftari, geuza ukurasa wa mwisho, uliandike pale kama mwanachama wa 31 anayekudai. Mshahara wa miezi ambayo hukumlipa, uandike. Kisha mtafute. Ukerewe ni kisiwa, watu wanajuana. Mtu aliyekuletea huyo msichana yupo, anza na huyo. Ila uwe na adabu ya kumtafuta. Pengine ameolewa na mume hajui kwamba mkewe aliwahi kuitwa mwizi Mwanza. Ukitokea tu na mchungaji na gari la kanisa unaanza kusafisha dhamiri yako huku unachafua nyumba yake. Mtume mtu wa kike, mtu mzima, amwambie kwa siri: aliyekuwa bosi wako anakutafuta, amekiri kwamba pesa alichukua yeye, anataka kuja au kupiga simu, wewe unaonaje? Kisha mwachie aamue. Akisema hataki kukuona, mpelekee mshahara wake na barua yenye sahihi yako inayosema wazi kwamba hakuiba, ili siku akiihitaji awe nayo. Kisha kaa mbali.

Akikubali, usimwambie shetani alikupitia. Usimwambie "tulikosea." Usimwombe akusamehe hapohapo ili uwahi meli ya kurudi. Na tafadhali usimwahidi kazi nyumbani kwako, najua mioyo yetu wanawake, tukizidiwa na aibu tunaanza kugawa vitenge. Mwambie ulichomfanyia, mpe chake, nyamaza. Akitaka kulia au kukutukana, keti usikilize.

Ukishafanya hayo, mwanangu, na bado usiku ukashtuka, ndipo sasa umkemee huyo mshtaki, hapo utakuwa na la kumjibu. Mika 7:19 inasema Mungu atazitupa dhambi zao zote katika vilindi vya bahari, na hapo ndipo pa kuisoma.

Na kama binti atasema anataka jina lake lisafishwe mbele ya wazazi wake na majirani waliosikia, basi nenda Nansio, huko Ukerewe, na usifike kule kwao jioni. Fika mchana, watu wakiwa nje.